Vidole kabla ya kalamu: ukwaju, unga na ukuti

Wiki ya kwanza ya muhula huwa sisikilizi sana nani anajua herufi. Natazama mikono. Nimefundisha chekechea hapa Mombasa kwa miaka 17, sasa niko Kisauni, na kila mwaka naliona jambo lile lile: mtoto wa miaka 4 anaimba alfabeti mpaka mwisho bila kukosea, kisha saa ya kula ananiletea mkebe wake wa chakula nimfungulie. Kifuniko kimemshinda. Krayoni naye huishika kwa ngumi kama mwenye kutwanga, na baada ya mistari mitatu mkono umechoka.

Kushika kwa ngumi si kosa kwa mtoto mdogo. Wote huanzia hapo, kisha vidole hushuka polepole mpaka kalamu ikakaa baina ya gumba, shahada na kidole cha kati, na safari hiyo yaweza kufika miaka 5 au 6. Ila kuandika peke yake hakuvipi vidole nguvu. Nguvu hutoka katika kufinya, kukamua, kuviringisha, kuchana na kupitisha uzi. Hizo zote kwetu ni kazi za jikoni na uani. Kwa hiyo mzazi akiniuliza baada ya mkutano, "Mwalimu, ninunue kitu gani?", mimi humwambia apite sokoni, Kongowea au Marikiti, anunue ukwaju.

Ukwaju wa kiasi cha ngumi yako uroweke kwenye vikombe 4 vya maji ya uvuguvugu kwa nusu saa. Mtoto aoshe mikono mpaka viwiko, akae mkekani, bakuli liwe mbele yake. Kazi yake ni kuitafuta kokwa moja moja mle ndani na kuivua nyama kwa gumba na shahada, kisha kuitia kwenye kikombe kingine. Usimharakishe. Kokwa ya ukwaju inateleza, na kule kuteleza ndiko kunakovifunza vidole kukaza na kulegeza kwa kipimo. Tazama tu kwanza kama hana mchubuko kidoleni, kwa sababu ukwaju unachoma. Zikiisha kokwa, wewe chuja, tia sukari kidogo, mimina kwenye vikombe vidogo na uweke friza. Asubuhi kuna barafu. Kokwa zilizooshwa na kukauka zinabaki kuwa za kuhesabia kwa wale wakubwa wa darasa.

Barafu ya ubuyu ni rahisi zaidi: unga wa ubuyu, tui jepesi, sukari, basi. Ni tamu na ina vitamini C nyingi, lakini mtoto hapati kazi ya vidole, ndiyo maana mimi huupa ukwaju nafasi ya mbele. Yale mabuyu mekundu ya kumung'unya, pamoja na njugu nzima, nawaomba wazazi wawafiche walio chini ya miaka 5. Mbegu ngumu ikipita njia ya hewa, dakika ni chache mno.

Kitamu kingine nikipendacho hakihitaji moto. Toa kokwa za tende laini, mtoto azisage kwa uma au kwa mikono, atie iliki kidogo, kisha akate vipande na kuviringisha viganjani mpaka viwe vidonge sawa na gololi kubwa. Avigaragaze kwenye nazi iliyokunwa. Baada ya Ramadhani nyumba nyingi zina tende zilizobaki, na huu ndio wakati wake. Nazi mbichi kwa joto letu haingoji, kwa hiyo vidonge vya nazi mbichi viliwe siku hiyo hiyo. Ukitaka vikae, ikaange nazi kwanza bila mafuta mpaka ibadilike rangi. Kwa aliye chini ya miaka 4 vibonyeze viwe bapa, visibaki duara.

Kashata ya nazi nayo wazazi huniuliza sana. Naipenda, lakini sukari inayochemka ina joto kupita maji, na ikiruka hunata kwenye ngozi. Mtoto apewe kazi ya kuponda iliki na kulipaka sinia mafuta, kisha atoke jikoni. Atarudi kukata ikishapoa.

Nije kwenye unga. Donge la kuchezea linalouzwa dukani kwenye vikopo si baya, ila la nyumbani unalipata kwa vikombe 2 vya unga wa ngano, nusu kikombe cha chumvi, vijiko 2 vikubwa vya mafuta ya kupikia, maji ya ndimu moja, na maji ya moto kikombe kimoja na nusu. Changanya vikavu, tia mafuta na ndimu, kisha mimina maji ya moto kidogo kidogo ukikoroga kwa mwiko. Likipoa, likande mpaka liache kunata. Chumvi inazuia ukungu, mafuta yanalilainisha, ndimu inalisaidia kuvutika bila kukatika.

Sasa lile ambalo maelekezo ya watu wa bara na ng'ambo hayalitaji. Mwaka wangu wa kwanza nilitia kikombe kizima cha chumvi, kama nilivyoelekezwa. Ulikuwa mwezi wa Mei, mvua ya masika haijakatika. Siku ya tatu nilifungua kopo nikakuta donge limelowa, linatoka maji kama limelia. Nikadhani nimekosea kipimo cha maji. Sababu ilikuwa chumvi. Unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, chumvi huanza kuvuta maji kutoka hewani hadi ijiyeyushe yenyewe, na asubuhi nyingi za Mombasa zinapita hapo. Ndiyo sababu vidau vyetu vya chumvi huganda msimu wa mvua. Tangu hapo natia nusu, nalifunga donge kwenye kopo lisiloingiza hewa, na likianza kunata naliongeza unga mkavu. Kwa hali hiyo linakaa wiki mbili na zaidi.

Mtoto ambaye bado kila kitu anakipeleka mdomoni asipewe donge hili. Chumvi yake ni nyingi, akimeza matonge atatapika au apate madhara makubwa zaidi, na unga mbichi nao unaweza kuwa na vijidudu. Yeye mpe tonge la sima iliyopoa. Linafinyika, linaviringika, na akilila amekula chakula.

Najua kuna nyanya wengi ambao hawapendi kuona unga ukichezewa, na nawaheshimu. Chakula ni neema. Mimi hutumia unga ulioingia wadudu, ambao ungetupwa, nikauchekecha. Nikimweleza nyanya hivyo, mara nyingi yeye ndiye huketi na mjukuu na kumwonyesha kusukuma vichapati.

Rangi usinunue. Manjano ya jikoni yanatosha, na yana siri ambayo watoto hawaichoki. Koroga kijiko cha chai cha manjano kwenye maji kidogo, mtoto apake karatasi yote, iachwe ikauke. Kisha yeyusha magadi kidogo kwenye kifuniko cha chupa, mpe kijiti chenye pamba achore juu yake. Kila anapopita panageuka pekundu, wekundu wa udongo. Magadi ndiyo yanayoibadili rangi ya manjano. Tone la ndimu linairudisha. Darasa langu likifika hapa hulisikia la jirani limenyamaza kutusikiliza. Maji ya magadi yasiingie machoni, basi simama karibu. Na nguo zikipata manjano usishtuke zikiwa nyekundu unapozifua, ni sabuni imefanya kazi ile ile ya magadi. Zianike juani. Jua la hapa linakula doa la manjano lenyewe kwa siku chache.

Gundi pia ni ya jikoni: kijiko kimoja cha unga wa muhogo au ngano kwa vijiko vinne au vitano vya maji, ukoroge motoni mpaka iwe nzito na kung'aa. Itumie siku hiyo, kesho inachacha.

Kuna mchezo wa vifuu ambao wengi wetu tuliucheza: kifuu kimoja kila mguu, kamba imepita katikati, mtoto anazivuta kamba na kutembea juu yake, ko, ko, ko. Jambo moja tu la kukumbuka. Nazi ina macho matatu, na moja ni laini, hilo ndilo linalotobolewa kwa msumari bila shida. Lakini macho yako kwenye nusu moja ya nazi. Kwa hiyo weka vifuu vya nazi mbili, chagua zile nusu zenye macho, sugua kingo kwenye saruji zisikate. Ni kwa watoto wa miaka 4 kwenda juu.

Kwa vitu vidogo vidogo, vizibo, shanga, kokwa, vifungo, nina kipimo kimoja. Ule mrija wa karatasi ngumu unaobaki chooni karatasi ikiisha: kitu chochote kinachopita ndani yake hakimfai mtoto aliye chini ya miaka 3.

Nimekiacha kititia, kile kichezeo cha ukuti kinachozungushwa na upepo, mwisho kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike. Unahitaji ukuti mbichi wa mnazi. Toa ule uti wa kati, ubaki na chane mbili zenye upana wa kidole. Kunja kila moja katikati, pitisha ncha za hii kwenye mkunjo wa ile, na za ile kwenye mkunjo wa hii, kisha vuta taratibu mpaka zikazane na mabawa manne yakae msalaba. Uti ulioutoa unauchomeka katikati ya fundo, na huo ndio mpini. Msimu wa kusi, alasiri upepo wa baharini ukiingia, mtoto hana haja ya kukimbia. Asimame tu aelekeze.

Muhula uliopita nilimpa kila mtoto ukuti aende nao nyumbani. Mvulana mmoja akarudi na kititia kizuri ajabu, mabawa sawa, kimefungwa utepe. Nikamwomba atuonyeshe alivyokifanya. Akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Alikifanya mama, mimi nalala." Jioni nilizungumza na mamake. Nikamwambia, "Mamangu, mikono yako imeshajifunza. Mwachie yeye hata kikiharibika." Hakuchukia, alicheka, akaomba ukuti mwingine.

Jumatatu mtoto alikuja na kititia kingine. Bawa moja refu, moja limechanika, fundo limelegea. Alikipeleka mlangoni penye upepo na hakikuzunguka. Alikitazama kwa muda mrefu, nami nikajizuia kusema. Akakilinganisha na cha mwenzake, akagundua mabawa yake yamelala bapa na ya mwenzake yamepinda kidogo. Akayapinda moja moja kwa gumba na shahada. Kikazunguka mara tatu, kikakwama.

"Changu chaenda!" akapaza sauti. Kisha akanijia, akasema fundo limebana uti, na je, kuna ukuti mwingine mwembamba?