Samaki wa Nyara, Mnyama wa Nyara: Usichanganye Sheria Zake

Msimu wa uwindaji wa kitalii ukifunguliwa Julai 1, ofisi yetu ya wanyamapori hapa Dodoma hupokea maswali mengi kuliko kipindi kingine cha mwaka. Safari hii mengi yamechochewa na video za Marekani zinazozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Katika moja, jamaa amemwinua samaki mkubwa mbele ya kamera. Katika nyingine, kijana amepiga magoti nyuma ya kulungu mwenye pembe za matawi. Mwananchi anauliza: hawa wanavua na kuwinda mwisho wa wiki, wanarudi nyumbani na pembe, na hakuna anayewagusa. Mbona sisi wa Chemba, Kondoa na Manyoni, tunaoishi jirani na tandala, tukikutwa na pembe moja tunafikishwa mahakamani?

Swali ni la haki na tunalichukulia kwa uzito. Jibu lake linataka mtu aelewe kwanza tofauti kati ya mvuvi wa nyara na mwindaji wa nyara, yaani wanaotafuta samaki au mnyama mkubwa wa kuwekea kumbukumbu, maana wengi wanawaweka kapu moja.

Mvuvi wa nyara hutafuta samaki aliyezidi ukubwa wa kawaida wa aina yake. Anachobaki nacho mara nyingi ni picha, kipimo na jina kwenye orodha ya rekodi. Chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, IGFA, kilichoanzishwa mwaka 1939, ndicho kinachotunza rekodi hizo. Sangara mzito kuliko wote kwenye orodha yake alivuliwa kwa ndoano Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000, akiwa na zaidi ya kilo 104. Zamani rekodi ilidai samaki apelekwe kwenye mzani nchi kavu, na wengi walifia huko. Siku hizi zipo pia rekodi za urefu: samaki analazwa juu ya rula, anapigwa picha, anarudishwa majini akiwa hai.

Mwindaji hana njia hiyo. Pembe hazipimwi mpaka mnyama awe amekufa. Klabu ya Boone and Crockett, iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, inataka pembe za kulungu zikauke siku 60 ndipo zipimwe rasmi. Wanyama wa Afrika wana vitabu vyao vya rekodi, vilivyoanza kuchapishwa na Rowland Ward wa London mwaka 1892. Kwa hiyo uamuzi wote wa mwindaji, dume au jike, mzee au kijana, unafanyika kabla ya kufyatua risasi. Akikosea, hakuna cha kurudisha. Ndiyo maana sheria ya wanyamapori inambana mtu mapema sana, na inaendelea kumfuata hata pembe zikiwa zimetundikwa ukutani.

Hata hivyo, wapo wanaodhani kumrudisha samaki majini kunamaliza kila kitu. Hapana. Bwawa la Mtera wakati wa kiangazi maji yake yana joto, na maji ya joto hubeba oksijeni kidogo. Samaki aliyevutana na mshipi kwa muda mrefu anakuwa amechoka kabisa. Ukimshika kwa mkono mkavu unaondoa ute unaomkinga na magonjwa. Ukimning'iniza kwa taya ili picha ipendeze, uzito wake mwenyewe unamuumiza ndani. Lowesha mikono kwanza. Mshike akiwa amelala, mkono mmoja chini ya tumbo, vidole mbali na matamvua. Jino la ndoano libanwe kwa koleo kabla ya kuanza kuvua, ili itoke bila kuchana. Kisha mshikilie ndani ya maji mpaka aondoke mwenyewe kwa nguvu zake. Anayemtoa nje huku akitafuta simu mfukoni, halafu anamtupa majini kwa mbali, asiseme amemwachia samaki.

Kwa upande wa vibali, uvuvi wa michezo una leseni yake chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake. Nyavu za utali (za uzi mmoja wa plastiki), makokoro, sumu na baruti ni marufuku kwa kila mtu, na katika Ziwa Victoria sangara aliye chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Hayo yako chini ya wenzetu wa Wizara ya Mifugo na Uvuvi, na maofisa uvuvi wa halmashauri wanayafafanua vizuri.

Lipo jambo la kibaiolojia ambalo halisemwi sana. Kwa samaki wengi, sangara akiwemo, wale wakubwa kabisa ni majike, na jike kubwa hutaga mayai mengi mno. Kumuua samaki mkubwa kuliko wote ni kuondoa mzazi bora wa ziwa zima. Kwa mnyama mwenye pembe, hesabu ni tofauti. Mwindaji anatakiwa achague dume mzee ambaye amekwisha kuzalisha vya kutosha. Tandala mkubwa anasaidia hapo, kwa sababu dume peke yake ndiye mwenye pembe, na mizunguko ya pembe hizo hukamilika anapofikia umri wa miaka kama sita. Pofu ni mtihani mgumu zaidi. Dume na jike wote wana pembe, na za jike mara nyingi ni ndefu kuliko za dume, ila ni nyembamba. Mtu anayetazama urefu tu ataua mama. Kwa hiyo katika mapori ya akiba kama Rungwa, Kizigo na Muhesi mgeni haachiwi porini peke yake. Anaongozana na mwindaji bingwa na askari wa wanyamapori, na simba haruhusiwi kuwindwa akiwa chini ya miaka sita. Hata hivyo kuchagua pembe kubwa kuna gharama zake. Utafiti wa kondoo wa milimani wa Ram Mountain, jimbo la Alberta nchini Kanada, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba kuwinda madume yenye pembe kubwa kwa miaka mingi kulifanya pembe za vizazi vilivyofuata ziwe ndogo.

Sasa turudi kwa kulungu wa kwenye video. Yule ni kulungu mkia-mweupe (white-tailed deer), si mbawala ambaye hapa kwetu pia huitwa kulungu. Marekani wanakadiriwa kuwa karibu milioni 30, wakati Tanzania hatuna mnyama wa jamii hiyo porini hata mmoja. Mwindaji wa kule naye ana leseni, ana msimu na ana idadi aliyopangiwa. Kamera haionyeshi karatasi hizo. Kila bunduki na risasi inayouzwa imelipiwa kodi ya kuhifadhi wanyamapori tangu sheria ya mwaka 1937, na vifaa vya uvuvi vikaingizwa katika utaratibu kama huo mwaka 1950.

Pembe zake nazo si kama za wanyama wetu. Kulungu huyo wa Marekani huangusha pembe kila mwaka baada ya msimu wa kupandana na huota nyingine. Mmarekani anaweza kutembea msituni mwisho wa baridi akaokota pembe ya mnyama anayeendelea kula majani mahali pengine. Pembe ya tandala, swala au pofu ni mfupa uliovikwa ganda gumu, na haidondoki maisha yote ya mnyama. Ukiikuta chini, mnyama amekufa, na Serikali ina wajibu wa kujua amekufaje.

Ndiyo maana neno "nimeokota" halimsaidii mtu. Tunalisikia kila mara. Tunasikia pia "ni ya babu", "nimepewa na mganga", "niliipamba tu hotelini". Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inaita nyara mnyama mwenyewe, akiwa hai au amekufa, na sehemu yake yoyote: pembe, jino, mfupa, kucha, kwato, ngozi, nyama, nywele, manyoya, yai. Usinga wa mkia wa nyumbu umo. Magamba ya kakakuona yamo, na kakakuona mzima aliyebebwa nyumbani ili atabiri mvua naye yumo. Kuwa nacho bila kibali ni kosa chini ya kifungu cha 86. Adhabu inayotolewa mara kwa mara ni kifungo cha miaka 20, na sheria inaruhusu mpaka 30.

Naomba utaratibu wenyewe ueleweke, kwa sababu watu hushtuka wakishafika mahakamani. Nyara ikikamatwa, hati ya ukamataji hujazwa na kusainiwa papo hapo mbele ya shahidi. Afisa wanyamapori huitambua ni ya mnyama gani, kisha hufanya tathmini ya thamani yake. Thamani hiyo huhesabiwa kwa mnyama mzima, si kwa kilo. Vipande viwili vya nyama ya pundamilia kwenye sufuria vinahesabiwa kuwa pundamilia mmoja aliyeuawa. Kama ni nyama inayoweza kuoza, hupelekwa kwa hakimu ili amri ya kuiteketeza itolewe kabla ya kesi kusikilizwa, na hati ya hesabu yake ndiyo inayobaki kama kielelezo. Kosa hili ni la uhujumu uchumi, kwa hiyo shauri halisikilizwi mpaka ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka ipatikane. Anayenunua nyamapori kwenye bucha lenye leseni adai risiti na aitunze.

Tandala aliyevamia shamba akafia humo, pembe iliyoibuliwa na jembe, ngozi uliyorithi: usihamishe, usifiche, usiuze. Toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji, kituo cha polisi au ofisi ya wanyamapori iliyo karibu, na umwombe aliyepokea aiandike.

Kwa wavuvi wa Mtera, sheria hizi mbili hukutana ndani ya wavu mmoja. Una leseni halali ya kuvua, unavuta wavu alfajiri, unamkuta mamba amenasa na amekufa. Leseni yako inahusu samaki peke yake. Meno, ngozi na nyama ya mamba huyo ni nyara za Serikali tangu dakika hiyo, hata kama wavu ni wako na hasara ni yako. Usimchune, usimng'oe jino, usimzike. Mfunge ufukweni akiwa ndani ya wavu huohuo, tuma mtu ofisi ya kijiji, na wavu usikatwe mpaka afisa wanyamapori afike.