Kuandika neno mara 100 hakukufundishi spelingi

Wiki hii tena. Kijana anayekaa mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha kaja darasani jioni, kachoka na shifti, kanifungulia kaunta buku: "Ticha, receive nimeiandika mara 100, sasa hivi imekaa kichwani." Nikavuta kiti tukasoma wote. Kila mstari kaandika mara nne. Mstari wa kwanza na wa pili viko vizuri, r-e-c-e-i-v-e. Mstari wa tatu mkono umeteleza, i ikatangulia e, na kuanzia hapo mpaka chini ya ukurasa ni "recieve" tupu, tena mwandiko unazidi kunyooka kadiri anavyoshuka. Zaidi ya mara 90 kajizoesha kukosea, na huyu sio mvivu jamani, ni mtu kaacha kulala ili ajifunze.

Nafundisha Kiingereza watu wazima, wengi wako kwenye utalii, madereva, waongoza wageni, watu wa mapokezi, wadada wanaoandika kotesheni ofisini. Hii imani ya kuandika mara 50, mara 100, naisikia kila kundi jipya likianza na nimechoka nayo, kwa hiyo leo naisema kwa kirefu, nyingine nitazipitia haraka haraka.

Tumeitoa shule ya msingi. Ilikuwa adhabu, ukikosea neno unaambiwa kaandike mara 50, na mpaka leo mtu mzima anajipa adhabu ileile akidhani anasoma. Ukinakili, jicho linaangalia neno la juu yake, mkono unafuata, kichwa kimelala. Hujaulizwa kitu. Siku ya kumuandikia mgeni imeili hakuna neno la kunakili pale juu, unatakiwa ulitoe kichwani, na kulitoa kichwani ndio kitu hujawahi kukifanyia mazoezi hata siku moja.

Fanya hivi: litazame neno, litamke, lifunike kwa kiganja, liandike bila kuchungulia, funua, linganisha herufi moja moja. Mara tatu kwa leo inatosha. Kesho asubuhi kabla ya chai mara moja, wiki ijayo mara moja tena. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima kumbukumbu yake mwenyewe akachapisha matokeo mwaka 1885, na tangu hapo inajulikana kwamba marudio uliyoyatawanya siku tofauti yanashika kuliko yaleyale ukiyarundika kikao kimoja.

Ila chini ya hiyo imani kuna nyingine ndio inayoilea: eti Kiingereza hakina kanuni yoyote, wameandika ovyo tu, kwa hiyo hakuna cha kuelewa, ni kukariri. Naelewa inatoka wapi. Sisi tumezoea herufi moja sauti yake ileile, ukisikia baraza unaandika baraza, umemaliza. Unaenda kwenye Kiingereza, irabu zetu 5 zinakutana na sauti za irabu kama 20, na juu ya hapo unakuta "sign" ina g hakuna anayeitamka. Sasa waangalie ndugu zake: signature, signal. Huko g inasikika. Kiingereza mara nyingi kinaandika ukoo wa neno, hata pale sauti ilipopotea. Sisi tulichukua sauti yake tukapata saini, wao wakaibakiza g. Chukua na risiti, wanafunzi wangu wananiandikia "reciet", "receit", na wameshinda siku nzima chini ya kibao kilichoandikwa RECEPTION! Ile p ya reception ndio p ya receipt, ukoo mmoja, wasomi wa Kiingereza waliirudisha wakitaka neno lifanane na Kilatini. Debt nayo hivohivo, ilitoka kwa Wafaransa bila b, wasomi wakaipachika b ya Kilatini debitum. Mtu akishajua hadithi ya hiyo b haiachi tena, nimeliona hilo darasani mara nyingi mno.

Halafu herufi za kujirudia, hapa ndio tunaumia kuliko pote. Pita mitaani uhesabu vibao vya "Accomodation" chenye m moja. Kiswahili hakina mambo ya cc na pp, na mm tunazo chache tu kama ya mmoja, kwa hiyo sikio letu halituambii kitu, lakini Kiswahili kimetupa kitu kingine kikubwa na hatukitumii: tunajua kukata maneno. Mtu anayetenganisha a-na-ye-ni-pend-a bila hata kufikiri anashindwaje kuona recommend ni re na commend? Ukishakata hapo, c ya pili utaitoa wapi? Disappoint ni dis na appoint, basi s moja p mbili. Unnecessary ni un na necessary. Accommodation imeungwa kwa sehemu tatu, ad na com na mod, ile d ya ad ikageuka c, ndio maana c mbili, m mbili, d moja. Ambao Kilatini kinawachosha nawaambia wafikirie chumba, vitanda viwili vya c, vitanda viwili vya m, mlango mmoja wa d.

Na mkazo, ile silabi unayoikandamiza ukitamka. Hili hata walimu wengine hawalisemi. Kiswahili mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, hatuufikirii kabisa. Kiingereza unahama, na ukihama unabadilisha spelingi. Begin mkazo uko mwisho, n inajirudia, beginning. Open mkazo uko mwanzo, hairudii, opening. Refer inazaa referred, r mbili, lakini reference r moja kwa sababu mkazo umekimbilia mwanzo. Mtu anayeandika "occured" na "openning" kwenye barua moja hajakosa akili, hajawahi tu kuambiwa asikilize mkazo. Piga meza unapotamka, darasani kwangu tunapiga kwelikweli.

Kuna ushauri mmoja naupigania na walimu wenzangu wananipinga: neno likikusumbua lisome kiswahiliswahili. Definite, sema de-fi-ni-te, utaandikaje tena "definately"? Separate, se-pa-ra-te. Vegetable, ve-ge-ta-ble. Itinerary, ambayo nusu ya waongoza wageni wananiandikia "itinery", sema i-ti-ne-ra-ry, silabi zote zimetoka zimesimama. Wananiambia nitawaharibia watu matamshi. Siharibu, maana hayo ni matamshi ya kuandikia, unayasema kimoyomoyo, ukifungua mdomo kwa mgeni unasema kama kawaida. Na February kwetu ni rahisi kabisa, Februari ya Kiswahili imeibeba ile r ya kwanza ambayo Waingereza wengi wanaimeza.

Hizo nyingine sasa.

"Kanuni ni i before e except after c, yaani i inatangulia e isipokuwa baada ya c, inatosha." Haitoshi. Mwongoza wageni anaandika species kila siku, c hiyo hapo na i imetangulia. Science vilevile. Weird na seize hazina c na bado e imetangulia. Itakusaidia kwa receive na ceiling, zaidi ya hapo jifunze neno kwa neno.

"Simu itanisahihishia." Simu inakamata neno ambalo halipo, mara nyingi haikamati neno lililopo likiwa mahali pabaya. Dada mmoja alipeleka maombi ya kazi kajiandika "office manger" badala ya manager, na manger ni hori la kulishia ng'ombe, neno halali kabisa, hakuna mstari mwekundu uliotokea chini yake. Form na from, their na there, hivohivo. Na mtihani wa taifa ni kalamu na karatasi, simu utaiweka wapi.

"Color ni kosa." Sio kosa, ni ya Marekani, Noah Webster aliisimamia kwenye kamusi yake ya mwaka 1828. Sisi huku tunafuata Uingereza, colour, traveller yenye l mbili wakati Marekani ni traveler. Kosa ni kuchanganya zote ndani ya barua moja. Halafu msiniletee ubishi kwamba organize yenye z ni ya Wamarekani peke yao, kamusi za Oxford zinaitumia hiyo.

"Wazungu hawakosei." Wanakosea sana. Marekani wana mashindano ya taifa ya spelingi kwa watoto tangu 1925, lugha ingekuwa rahisi kwao wangeshindana nini? Na mwaka 1992 makamu wa rais wao, Dan Quayle, akiwa shuleni New Jersey alimwambia mtoto aliyeandika potato sawasawa ubaoni aongeze e mwishoni. Mtoto ndiye alikuwa sahihi.

"Asiyejua spelingi hana akili." Hii inaniuma. Kuna watu wana disleksia, herufi zinawasumbua tangu utotoni na vichwa vyao vinachapa kazi vizuri tu, na wengine hawakufundishwa, basi. Mtu akikosea kwenye grupu la kazini mpe neno sahihi pembeni, usimchekeshee watu.

Yule kijana wa mapokezi tuligeuza kaunta buku nyuma, ukurasa safi, nikamuandikia maneno matano: receive, receipt, species, separate, accommodation. Akafunika kwa kiganja pale pale, la kwanza akakosa, la pili akapata, accommodation akaanza kuhesabu vitanda kwa sauti. Jumatano nitamwita ubaoni ayaandike yote, kaunta buku likiwa limefungwa.