Jimbo likikataa kusimamia sheria ya moshi wa dizeli, maana yake nini?

Ukisikia jimbo la Marekani limesema polisi wake hawatahangaika na dizeli zilizotolewa chujio la moshi, usidhani sheria imekufa, bado ipo vilevile.

Serikali kuu yao, iliyoko Washington, inaweza kutunga sheria na kutuma watu wake waisimamie, ila haiwezi kumwamuru sherifu au polisi wa jimbo aifanyie kazi hiyo. Mahakama ya Juu yao ilisema hivyo 1992 kwenye kesi ya New York, ikarudia 1997 kwenye kesi ya Printz, sherifu wa Montana aliyegoma kuwakagua wanunuzi wa bastola kwa niaba ya serikali kuu, akashinda. Kwa hiyo jimbo likisema "sisi hatusaidii" halijavunja katiba. Na sio kanuni ya chama kimoja, California inaegemea hiyohiyo inapowazuia polisi wake kufanya kazi ya uhamiaji.

Sasa dizeli. Malori na pikapu za kule, kuanzia modeli za 2007, zinakuja na DPF, yaani chujio la masizi kwenye ekzosi, alafu kuanzia 2010 nyingi zikaongezewa tanki la urea, ile AdBlue, maji yanayopunguza gesi chafu kwenye moshi. Chujio likiziba taa inawaka, gari linakosa nguvu, dereva anaegesha akisubiri masizi yaungue na huku mwenye mzigo anapiga simu, na urea ikiisha kompyuta inaweza kulibana lori mpaka litembee kama kilomita 8 kwa saa. Namuelewa kabisa anayechoka akaenda kwa fundi kung'oa kila kitu. Lakini mwaka 2020 EPA, mamlaka yao ya mazingira, ilikadiria pikapu zaidi ya 550,000 zimeng'olewa hivyo vitu ndani ya kama miaka kumi, na moshi wake wanauvuta watu wanaokaa kando ya barabara, hili mimi siwezi kulipuuza.

Sheria ya Hewa Safi ya 1970 ndo inayokataza kuchezea hivyo vifaa na jimbo halina uwezo wa kuifuta. Kinachopungua ni macho barabarani, maana EPA haina askari wa kusimama kila njia, lakini ikiamua kumfuata fundi inamfuata hapohapo kwenye jimbo lake na faini mkononi. Na mwenye pikapu iliyong'olewa, siku akihamia California akataka kuisajili, anaambiwa kwanza ikapimwe moshi.