"Gia Nimeweka, Hendibreki Nimevuta": Dhana Potofu Kuhusu Kupiga Jeki Gari-Nyumba la Zamani

Kila mwaka yanapita hapa Arusha magari-nyumba ya zamani yanayotoka Ulaya au yanayopanda kutoka Cape Town: Mercedes 508 D, Kombi zenye paa la kuinuka, Land Rover zilizowekwa kitanda na jiko. Siku hizi mengine ni ya wenzetu waliyoyanunua kwa wasafiri waliokatisha safari. Ni magari mazuri na napenda kuyatengeneza. Ila kuna kauli moja nimeisikia mara nyingi kupita kiasi: "Fundi, usihofu, gia nimeweka na hendibreki nimevuta." Anaisema mwenye gari, anaisema dereva, na kinachoniumiza zaidi, anaisema fundi kijana akiwa amelala chali chini ya difu.

Kauli hiyo inaua, na wanaoisema hawajui ni kwa nini. Kwa hiyo nitaieleza taratibu kuliko zile nyingine zinazofuata hapa chini.

Hendibreki ziko za aina mbili. Ya kwanza inavuta kebo mpaka kwenye drami, yaani ngoma za breki za magurudumu ya nyuma, na ndivyo ilivyo Kombi. Ya pili haigusi gurudumu hata moja. Inabana drami iliyo nyuma ya gia boksi, pale inapoanzia propela shafti, ile fito ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Land Rover za zamani ziko hivyo, Land Cruiser za mwanzo za 40 ziko hivyo, na hata Canter, ambazo watu wengi wanazijengea chumba nyuma, ziko hivyo. Kabla hujagusa mpini wa jeki, ingia chini uangalie gari lako ni la aina gani.

Sasa chukua gari la aina ya pili, uinue gurudumu moja tu la nyuma. Propela imebanwa, haizunguki, hapo hatubishani. Lakini kati ya propela na magurudumu kuna difu, na kazi ya difu ni kuruhusu gurudumu la kulia na la kushoto kuzunguka kwa mwendo tofauti. Propela ikisimama, gurudumu moja likienda mbele, mwenzake linarudi nyuma kwa mwendo uleule. Yote mawili yakiwa yamekanyaga chini hilo haliwezekani, kwa hiyo gari linatulia. Ukishaliinua moja, halina tena kinacholizuia. Gari likipata mteremko kidogo, gurudumu lililo chini linaanza kubingiria, lililo hewani linazunguka kinyume chake, na hendibreki bado imebana vilevile ulivyoiacha. Haijateleza wala haijakatika. Jeki inalala ubavu, gari linashuka, na aliye chini hana muda hata wa kuvuta mguu.

Asiyeniamini afanye jaribio hili akiwa salama. Abane magurudumu ya mbele kwa kabari, ainue nyuma yote na kuiweka kwenye stendi, ile miguu ya chuma ya kushikilia gari baada ya jeki, avute hendibreki ya aina hiyo, kisha azungushe gurudumu la kushoto kwa mkono bila kuingia chini ya gari. Kama difu ni ya kawaida, la kulia litageuka kuelekea upande mwingine. Nimewaonyesha hivyo vijana wengi gereji, na aliyeliona kwa macho yake hanirudii tena na kauli ile.

Gia nayo ni hivyohivyo. Ukiacha gari kwenye gia ya kwanza au ya rivasi, unachokibana ni propela ileile kupitia injini. Otomatiki ikiwa kwenye P, ni propela ileile tena. Mtu anayejumlisha gia na hendibreki ya aina hii akadhani amepata kinga mbili, amebana sehemu moja mara mbili.

Mbona basi dhana hii haifi? Kwa sababu mara nyingi mtu anaponyanyua ni mbele, na nyuma ikiwa imekanyaga chini hendibreki inashika vizuri kabisa. Amebadilisha pedi za mbele mara kadhaa, gari halikusogea, akahitimisha kwamba halisogei. Siku anapohamia nyuma anakwenda na imani ileile.

Wenye Kombi msitabasamu. Hendibreki ya kebo ikiwa nzima inashika magurudumu mawili ya nyuma, na ukiinua moja, umebaki na moja. Kwenye gari la miaka ya 1970, hilo moja lililobaki linaweza kuwa ndilo ambalo kebo yake imekwama au imenyooka. Ukiinua nyuma yote, hakuna kitu kinacholishika gari, maana mbele kuko huru. Halafu kuna jambo ambalo watu hulisahau kabisa: kama kazi yenyewe ni breki za nyuma, drami haitoki mpaka uachie hendibreki. Utaiachia kwa mkono wako mwenyewe, gari likiwa juu.

Kinachozuia gari ni kabari. Ibane kwenye magurudumu yanayobaki chini, mbele na nyuma ya kila gurudumu, kabla jeki haijaanza kupanda. Kimo chake kiwe angalau robo ya kimo cha tairi. Kijiwe cha ukubwa wa ngumi tairi la inchi 16 linakipanda bila shida. Mimi nakata za mkaratusi mkavu kwa mshazari, nazifunga mbili mbili kwa kamba ili moja isisahaulike barabarani, na kila gari-nyumba linaloondoka kwangu namshauri mwenye gari aondoke na jozi mbili. Mwenye Land Rover, ongeza na hili: tia gia ya magurudumu manne na uhakikishe habu za mbele zimegeuzwa kwenye "lock", ili propela ya nyuma ishikane na magurudumu ya mbele. Inasaidia sana unapoinua nyuma. Lakini kabari zibaki palepale.

Na tafuta sehemu tambarare. Kama gari limekufia kwenye mteremko, livutwe hadi palipo sawa. Hiyo gharama ya kuvutwa nimewahi kubishana nayo na wateja mpaka jua likazama, na bado sipigi jeki nyuma ya gari lililoelekea bondeni.

"Jeki yangu ni ya tani 10, gari ni tani nne tu"

Tani zilizoandikwa kwenye jeki ni za mzigo uliokaa wima juu yake, kwenye sakafu ngumu. Hazisemi lolote kuhusu jeki kuanguka. Jeki ya chupa ina kitako kidogo na shingo ndefu, na gari-nyumba ni zito juu: kabati, paa, godoro, tangi la maji mara nyingi upande mmoja. Lita 100 za maji ni kilo 100, na zinacheza tanki likiwa nusu. Mwaga maji kwanza. Kama kuna chombo kizito juu ya paa, kishushe.

Na jeki, hata ya tani 50, ni ya kunyanyulia. Kinachoshikilia gari ndani yake ni oili nyuma ya sili ya mpira na vali ndogo. Sili ikichanika, hakuna breki ya pili. Gari likishafika juu, stendi zinaingia, jeki inashushwa mpaka uzito ukae kwenye stendi, kisha unalisukuma gari kwa bega kwa nguvu. Likitikisika, bora lianguke ukiwa nje. Soma maandishi ya stendi pia, kwani baadhi ya watengenezaji huandika uzito wa jozi na wewe ukadhani ni wa moja. Pini iwe ileile iliyokuja nayo. Stendi nyingi mitaani zimewekewa kipande cha nondo badala ya pini, na nondo hiyo inapinda taratibu huku mtu yuko chini anafungua propela.

Chini ya kila stendi na kila jeki weka ubao mpana, sentimita 40 kwa 40, unene wa 5 hivi. Udongo mweusi wa mbugani unaonekana mgumu wakati wa kiangazi, lakini ukiuwekea uzito miguu ya stendi inazama. Lami iliyopigwa na jua la saa nane nayo huzama.

"Tofali zipo hapo, tupange"

Hapana. Tofali la saruji, hasa lile lenye matundu, linabeba ukuta kwa sababu uzito umeenea juu yake lote. Ukiliwekea ekseli, uzito wote unakaa kwenye sehemu ndogo, na saruji haikupi ishara. Chuma kinapinda, mbao inalia, tofali linapasuka papo hapo. Kama huna stendi, tumia magogo au vipande vya mataruma ya reli, upange kwa kupishana, safu moja huku na nyingine kule, kimo kisizidi upana wa kitako mara mbili.

"Popote penye chuma panafaa"

Hapa inabidi ujue gari lako. Mercedes za aina ya 508 D na 608 D, zilizotengenezwa Düsseldorf kati ya 1967 na 1986, zina chesesi ya ngazi na ekseli ngumu juu ya springi za vibao, mbele na nyuma. Hizo hazina taabu: jeki inakaa chini ya ekseli, karibu na springi, wala si chini ya sakafu ya nyumba. Kama kazi ni ya springi au shokapu, stendi ziwe chini ya chesesi, na ekseli ipewe jeki yake. Usiiache ining'inie ikavuta mpira wa breki.

Kombi ni habari nyingine. Haina chesesi ya kujitegemea, bodi ndiyo inayobeba kila kitu, na matundu ya jeki yako chini ya vizingiti vya pembeni. Gari lililoishi Tanga au Mombasa karibu na chumvi, vizingiti hivyo vinaweza kuwa kutu tupu iliyofunikwa puti na rangi nzuri. Gonga kwa bisibisi kwanza. Sauti ikiwa nzito na nyepesi kwa zamu, acha. Na tafadhali, usiweke jeki chini ya injini ya Kombi. Bloku ya injini nyingi zile za kupozwa kwa hewa imetengenezwa kwa aloi ya magnesiamu, nyepesi sana, na inapasuka. Nimeletewa zilizopasuka hivyo, mwenye gari akilalamika kwamba oili inavuja tu yenyewe.

"Gari lina miguu yake"

Ile miguu ya kukunja iliyo pembeni mwa magari-nyumba mengi ni ya kuzuia nyumba isitikisike watu wakilala. Imefungwa kwa boliti ndogo kwenye sakafu. Haikutengenezwa kunyanyua gari, na haikutengenezwa kulishikilia gurudumu likiwa limetolewa. Ukianza kazi ya jeki, ikunje yote, maana mguu mmoja ukigusa chini huku unanyanyua upande mwingine, unalisukuma gari kutoka kwenye stendi.

"Mama na watoto wabaki ndani, wanapika tu"

Hili ni la magari-nyumba peke yake, na ndilo linalonifanya nipaze sauti. Fundi wa Coaster hawezi kukubali abiria wakae ndani gari likiwa juu. Kwenye gari-nyumba watu wanasahau kwamba ni gari. Mtoto wa kilo 25 akikimbia kutoka kitandani hadi mlangoni, uzito unahama, na jeki iliyosimama wima inaanza kuegemea. Wote washuke, gesi ifungwe kwenye mtungi, jiko lizimwe. Chai inywewe chini ya mti. Ndugu mwenye gari akigoma, kazi inasubiri.

Kuna kosa moja la gereji zetu wenyewe. Oili ya jeki ikipungua, vijana wanaongeza oili ya breki kwa sababu ndiyo iliyo karibu. Oili ya breki inavimbisha sili za jeki, ambazo ni za oili ya madini. Jeki itafanya kazi wiki mbili tatu, halafu itaanza kushuka yenyewe polepole, ikiwa na mzigo. Tumia oili ya haidroli. Jeki iliyokwishawekewa ya breki, ibadilishwe sili zote au itupwe.

Nati za gurudumu zilegezwe robo mzunguko gari likiwa bado chini. Ukining'inia na bomba kwenye wili spana gari likiwa juu, unalisukuma mwenyewe. Canter za zamani nati za upande wa kushoto zina uzi wa kinyume, kwa hiyo angalia herufi L kwenye ncha ya boliti kabla hujaongeza nguvu upande usio wake.

Wakati wa kushusha, mtu mmoja tu ndiye ashike vali ya jeki, na kabla hajaigusa aite kwa sauti kila aliyekuwa akifanya kazi, ajibiwe kwa sauti. Stendi zitolewe kwa fimbo au kwa mkono ulionyooshwa kutoka nje, kichwa kisiingie. Vali ifunguliwe taratibu, nati zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini, kwa kupishana, kisha zikazwe tena baada ya kilomita 50 au 100. Kabari ziondolewe za mwisho kabisa, mtu akiwa tayari ameketi kwenye usukani na mguu uko kwenye breki.