Je, Qin ilimuua kila aliyechelewa kazini?

Wengi wetu tumesimuliwa hivi kuhusu Qin, dola ya kale ya China: mwaka 209 K.K. Chen Sheng na wenzake 900 walikwamishwa na mvua njiani kuelekea kituo cha ulinzi. Kwa kuwa adhabu ya kuchelewa ilikuwa kifo, wakaona heri waasi. Ndivyo alivyoandika mwanahistoria Sima Qian, karne moja baadaye, chini ya dola ya Han iliyorithi kiti cha Qin. Tangu hapo Ulegalisti, falsafa ya utawala ya kina Shang Yang na Han Fei iliyofuatwa na Qin, umechukuliwa kuwa ukatili mtupu.

Mwaka 1975, huko Shuihudi mkoani Hubei, lilifukuliwa kaburi la karani wa Qin aitwaye Xi, aliyezikwa na vipande zaidi ya 1,100 vya mianzi vilivyoandikwa sheria. Tazama kifungu cha shokoa, yaani kazi ya lazima kwa serikali: ukichelewa siku 3 hadi 5, unakaripiwa; siku 6 hadi 10, faini ya ngao moja; zaidi ya hapo, deraya moja (vazi la kujikinga vitani). Mvua ikizuia kazi, umesamehewa! Maelekezo ya mahojiano nayo yanasema kupata ukweli bila kumpiga mtuhumiwa ndiyo njia bora.

Ni kweli kwamba kifungu hicho kinahusu shokoa, na huenda walinzi wa mpakani walibanwa zaidi. Tena sheria hizohizo ziliruhusu kukata watu pua na miguu. Ila kila kosa lilipimiwa adhabu yake, na afisa aliyekosea hesabu za ghala alitozwa faini vilevile.