Kapasita Mbovu Kwenye Mazabodi: Yanayosemwa na Yalivyo

"Haijavimba, basi ni nzima."
Kapasita ni kijisehemu kinachohifadhi umeme kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Mikato iliyo juu ya kopo lake ni ya kupitishia gesi, lakini si kila kapasita hufa kwa kujaa gesi. Nyingine hukauka bila dalili, nyingine huvuja chini kwenye mpira na kuacha uchafu wa kahawia. Mara nyingi kinachotangulia kuharibika ni ukinzani wa ndani, yaani ESR: hupanda huku mikrofaradi (kipimo cha uwezo wa kuhifadhi umeme) bado zikisoma vizuri, kwa hiyo mita ya mikrofaradi peke yake hudanganya. Kompyuta hugoma kuwaka ikiwa baridi, au hujizima prosesa inapopata kazi nzito. ESR ya kapasita nzima iliyo jirani na prosesa kwa kawaida haizidi omu 0.05. Itoe ndipo uipime. Kwenye bodi zimeungwa sambamba, na nzima huificha mbovu.

"Yoyote yenye namba hizo hizo itafaa."
Hapa ndipo kazi nyingi hurudi kwa fundi. Kapasita ya kawaida ya mikrofaradi 1500, volti 6.3, inaweza kuandikwa nyuzi 105 za joto na bado ESR yake ikawa kubwa mno; mkondo unaopwita, yaani unaopanda na kushuka haraka, huipasha moto hadi ife. Tafuta aina ya ESR ndogo, na usome jedwali la mtengenezaji. Volti ziwe zilezile au zaidi, kamwe zisipungue. Pima pia kipenyo: ya milimita 10 haikai vizuri kwenye nafasi ya milimita 8, na ndefu hugonga feni.

Kapasita ya polima (aina isiyo na majimaji ndani) ya mikrofaradi 820, volti 2.5, hufaa kwenye umeme wa prosesa, ambao hauzidi sana volti 1.5. Ukiiweka kwenye njia ya volti 5 au 12, umeiua.

"Badilisha zilizovimba tu."
Za kundi lilelile zimepikwa na joto lilelile. Toa zote.

"Mstari ni hasi, basi."
Kwenye kopo la alumini, ndiyo, mstari huonyesha mguu hasi. Kwenye kapasita ndogo za njano za tantalamu mstari ni chanya, na kuna bodi ambazo nusu iliyopakwa rangi ya duara la kapasita ni chanya. Piga picha kabla ya kung'oa.

"Chuma chochote cha kulehemu kinatosha."
Matabaka ya shaba ndani ya bodi hunyonya joto, na chuma cha wati 25 kitaishia kukaanga bodi tu. Tumia wati 60 au zaidi, ncha pana, nyuzi 350 hadi 400. Ongeza flaksi (dawa ya kusaidia lehemu kushika) na lehemu mpya yenye risasi, kisha yeyusha mguu mmoja mmoja huku ukiiyumbisha kapasita taratibu. Ukivuta kwa nguvu, shaba ya ndani ya tundu hutoka na mguu, na ndiyo inayounganisha matabaka. Kwa sababu hiyo pia tundu lililoziba halitobolewi kwa drili. Lizibue kwa joto na sindano ya chuma kisichoshika lehemu.

"Kapasita za mazabodi zinaua."
Umeme wa humo hauzidi volti 12. Za kuogopa ziko ndani ya pawasaplai, boksi linaloipa kompyuta umeme, ambako zile kubwa huhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya.