Kisahani kisicho na duara

Jumatatu asubuhi nilifungua kabati la joto katika maabara yetu hapa Kisumu, nikatoa kisahani cha kuoteshea bakteria cha mgonjwa wa wodi ya upasuaji. Siku iliyotangulia nilikuwa nimepaka juu yake bakteria aina ya Klebsiella walioota kutoka kwenye damu yake, kisha nikapanga vijikaratasi vyenye dawa, kila kimoja kipana milimita 6. Dawa ikiwaweza, bakteria hawaoti kandokando ya kijikaratasi, pakabaki duara tupu. Kwa seftriaksoni, antibiotiki ya sindano, twataka duara la milimita 23 au zaidi. 19 au pungufu ni usugu. Nilishika rula nikakosa cha kupima. Bakteria walikuwa wameota hadi ukingoni mwa karatasi. Na mgonjwa alikuwa na siku ya tatu akidungwa seftriaksoni hiyo hiyo.

Watu wengi huniambia, "Mwili wake umezoea dawa." Mwili hauna hatia. Wenye usugu ni bakteria. Klebsiella wa aina hii hutengeneza kimeng'enya, yaani protini inayoivunja dawa kabla haijawadhuru. Ukiweka kijikaratasi chenye asidi ya klavulaniki, inayokizuia kimeng'enya hicho, karibu na kile cha seftriaksoni, mara nyingi utaona eneo tupu likivutika kati ya viwili hivyo mfano wa tundu la kufuli. Nimeliona mara nyingi, na bado moyo hunishtuka.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho kwa kawaida hukaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria mmoja humpa mwenzake, hata asiye wa jamii yake. Plasmidi hiyo hiyo mara nyingi hubeba usugu wa dawa nyingine pia. Wodini, bakteria wenyewe husafiri kwa mikono yetu, kwa kanyula, kile kijibomba cha kupitishia dawa, iliyokaa mno mshipani, kwa mpira wa mkojo.

Huku kwetu magharibi tuliikimbilia seftriaksoni kwa sababu. Watoto wa Siaya na kwingineko, wakidhoofishwa na malaria au utapiamlo, hupata Salmonella wa damuni, na wengi wa bakteria hao waliacha zamani kusikia antibiotiki nyingine: ampisilini, kloramfenikoli na kotrimoksazoli.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu wa wodini: chukueni damu ya kuotesha kabla ya dozi ya kwanza, maadamu kufanya hivyo hakumcheleweshei mgonjwa mahututi dawa. Na ijazeni chupa. Mtu mzima mwenye maambukizi ya damu anaweza kuwa na bakteria chini ya mmoja kwa kila mililita, ndiyo maana twaomba mililita 8 hadi 10 kwa chupa. Mililita 2 zilizochukuliwa baada ya sindano zinaweza kukaa kabatini siku 5 bila kuota chochote, na jibu hilo likamdanganya daktari kwamba damu ni safi.

Yule mgonjwa damu yake ilichukuliwa mapema, kazi nzuri ya muuguzi wa zamu. Kisahani kilionyesha meropenemu, antibiotiki nyingine, bado inawaweza bakteria wake, duara la milimita 27. Nilipiga simu wodini saa tatu asubuhi. Dawa haikuwepo stoo. Kaka yake alizunguka maduka ya dawa mjini kutwa nzima, na dozi ya kwanza ikaingia mshipani saa moja usiku.